Mama Sarah wa Kogelo na Watoto wa Wenzake

Kutoka Kogelo hadi Ng'iya ni kilomita tisa hivi. Leo boda humaliza mwendo huo kabla abiria hajamaliza mazungumzo ya simu. Enzi za ukoloni ilikuwa safari, na mwanamke mmoja kijana alikuwa akiifunga kila siku kwa baiskeli, mvulana ameketi nyuma kwenye keria. Hakuwa amemzaa mvulana huyo. Alikuwa mtoto wa mke mwenza aliyeondoka na kuwaacha wanawe. Mwanamke mwenyewe hakuwahi kuketi darasani, lakini alikuwa ameamua kwamba huyu atasoma, na kwa kuwa shule ilikuwa mbali, yeye ndiye atakayempeleka.

Habari hiyo aliisimulia kwa kinywa chake mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 92, alipokuwa New York. Jina lake ni Sarah Onyango Obama. Mvulana wa kwenye keria ni Barack Obama mkubwa, na mwana wa mvulana huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa 44 wa Marekani. Mama Sarah alipofariki Jumatatu, Machi 29, 2021, vichwa vya habari dunia nzima vilimtaja kwa jina la mjukuu. Sina ugomvi na hilo, maana bila mjukuu huyo wengi wetu tusingalimjua. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake, tangu 1922 hadi karne hii ilipoanza, ilipita bila kamera wala mgeni mashuhuri, naye tayari alikuwa akiifanya kazi ambayo baadaye alitunukiwa tuzo. Hiyo ndiyo miaka ninayotaka tuiangalie kwa karibu.

Alizaliwa Nyanza, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wakati Kenya ilikuwa na miaka miwili tu tangu igeuzwe kuwa koloni. Desemba 1921 Waluo, watu wa kabila lake, walikuwa wamekutana Lundha, huko Gem, kulalamikia kipande na kodi ya nyumba, na katika mkutano huo kikazaliwa Chama cha Vijana wa Kavirondo. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Maseno ilikuwepo tangu 1906, lakini ilikuwa ya wavulana. Wasichana waliopata nafasi walikuwa wa kuhesabika. Grace Ogot, mwandishi tunayejivunia, alizaliwa 1930 na alisoma shule ya wasichana ya Ng'iya, Ng'iya hiyo hiyo ambayo Mama Sarah aliiendea kwa baiskeli ili kumfikisha mtoto wa mwingine. Miaka minane tu iliwatenganisha wanawake hawa wawili. Mmoja alifundishwa kuandika akatuachia riwaya. Mwingine aliozwa akiwa kigori kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, kama desturi ilivyotaka.

Tusiipake sukari sehemu hiyo. Tunapowakumbuka nyanya zetu tuna mazoea ya kuyapita haraka mambo waliyofanyiwa wakiwa wadogo, kana kwamba uvumilivu wao uliyahalalisha. Mama Sarah hakuchagua kutosoma. Miaka mingi baadaye alieleza jinsi barua zilivyokuwa zikifika nyumbani naye asiweze kuzisoma, na kwamba hapo ndipo aliapa kuwa hakuna mtoto wa nyumba yake atakayekuwa hivyo. Aliijua gharama ya kutojua kusoma kwa sababu aliilipa mwenyewe, barua baada ya barua.

Mumewe, Hussein Onyango Obama, alikuwa mpishi wa Wazungu, mtu aliyetembea na kuona mengi, akasilimu, akatumikia jeshi la Waingereza. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mkali, tena msafi kupindukia, mwenye kanuni zake juu ya vyombo, chakula na jinsi mgeni anavyopaswa kuingia nyumbani. Sarah alikuwa mke wake wa tatu. Wa pili, Akumu, ndiye aliyemzaa Barack mkubwa. Onyango alipoihamisha familia kutoka Kendu Bay hadi Kogelo, huko Alego, kwenye ardhi ya mababu zake, ndoa yake na Akumu ilizidi kuharibika, na mwishowe Akumu akaondoka. Watoto wakabaki. Wawili kati yao, Barack na dada yake mkubwa, walitoroka wakatembea siku nyingi kumtafuta mama yao hadi Kendu Bay, kisha baba akawafuata na kuwarudisha. Waliporudi, mlango waliopokelewa ulikuwa wa Sarah.

Alikuwa na miaka ishirini na ushei, ana wanawe wa kuzaa, na sasa ana watoto wanaomlilia mama mwingine. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya wake wengi anajua hatari ya pale. Mtoto wa mke mwenza anaweza kupewa chakula asipewe kauli nzuri, akafuliwa nguo asipelekwe shule, na hakuna jirani atakayesema lolote, kwa kuwa hajapigwa wala hajalala njaa. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Sarah alilea, na kipimo cha malezi yake ni ile baiskeli. Mtoto wa kambo aliyevumiliwa tu angetembea kwa miguu.

Jumla aliwalea watoto wanane katika boma lile. Aliishi katika nyumba ndogo ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, isiyo na umeme wala maji ya bomba, akifuga mbuzi na kuku, akilima mazao ya kila aina na kuuza sokoni yale ambayo familia haikuyahitaji. Hayo aliyaandika mjukuu wake katika salamu za rambirambi, na kwa mtu wa kijijini hakuna jipya hapo. Ndiyo maisha ya mama wa nyumbani kuanzia Bondo hadi Busia. Lakini hesabu ya mwanamke anayeuza ziada sokoni ni ngumu kuliko inavyoonekana. Pesa ile ile inasubiriwa na chumvi, mafuta ya taa, sabuni, matanga ya jirani na mchango wa kanisa au msikiti. Ili daftari na sare ziingie kwenye orodha hiyo, lazima kitu kingine kitoke, na mara nyingi kinachotoka ni cha mama mwenyewe.

Watafiti David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka 1989, waliandika juu ya siwindhe, nyumba ambamo watoto wa Kiluo walilala na kufundwa na mwanamke mzee aliyeitwa pim. Humo watoto walijifunza ukoo, hadithi, vitendawili, adabu, na jinsi ya kuishi na watu. Jambo linalonivutia katika maelezo yao ni kwamba pim mara nyingi hakuwa na damu ya boma lile. Alikuwa mwanamke aliyetoka nje, amepita umri wa kuzaa, akakabidhiwa watoto wa wenyeji awafanye watu. Mwaka 2008 kulikuwa na walioona fahari kusahihisha kwamba Mama Sarah si nyanya wa kweli wa Obama, kwamba ni wa kambo. Hawakujua kwamba walikuwa wanamweleza mwanamke ambaye jamii yake ilikwisha kumtengea nyumba na heshima kwa kazi hiyo hasa, ya kulea watoto ambao si wa tumbo lake.

Kisha ukaja ukimwi, na Nyanza ikageuka mkoa wa nyanya. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Kenya mwaka 1984, na ilipofika Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Utafiti wa kitaifa wa 2007 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 15 kati ya kila 100 katika mkoa wa Nyanza walikuwa wakiishi na virusi, takriban mara mbili ya wastani wa nchi. Dawa za kupunguza makali hazikuanza kutolewa bure katika hospitali za umma hadi 2006. Kabla ya hapo, boma baada ya boma lilizika vijana na kubaki na wazee na watoto. Mwanamke aliyekuwa akijiandaa kupumzika, watoto wake wamekua, alijikuta anaanza upya kuosha, kulisha na kubembeleza, akiwa na mgongo wa miaka sabini.

Mama Sarah aliwapokea. Baadhi ya yatima hao aliwaweka ndani ya nyumba yake mwenyewe, wengine aliwasaidia wakiwa kwa ndugu zao. Serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, wengi tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kufutwa kwa karo hakukununua sare, wala viatu, wala uji wa asubuhi wa mtoto anayetoka kwa nyanya asiye na kitu. Mtoto yatima wa Alego alikuwa na nafasi darasani na hakuwa na shati la kuvaa kuiendea. Pengo hilo dogo, la shati na kalamu na sahani ya chakula, ndilo Mama Sarah alilishughulikia, kwa sababu mama wa nyumbani ndiye analiona. Waziri haoni shati lililochanika kwapa. Anayelifua ndiye anaona.

Hapa niseme wazi ninachoamini. Tumezoea kuhesabu utumishi wa umma kwa vyeo: diwani, mbunge, mwakilishi wa wanawake, gavana. Mtu asiyegombea kiti hatumwingizi kwenye hesabu, na mwanamke aliyeshinda jikoni na shambani ndiye wa mwisho kufikiriwa. Mama Sarah hakugombea chochote. Alichokifanya ni kuichukua kazi aliyoifanya kwa watoto wa nyumba yake na kuipeleka nje ya ua, kwa watoto wa kijiji, bila kubadilisha namna ya kuifanya. Mtoto ale, avae, aende shule. Ukiangalia bajeti ya taifa lolote, sehemu kubwa ya matumizi ya maana ni hayo hayo matatu.

Umaarufu ulimkuta tayari ana miaka themanini na kitu. Agosti 2006 mjukuu wake alifika Kogelo akiwa seneta, na shule za kijiji zikapewa jina lake. Wakati wa kampeni za 2008 waandishi walipiga kambi mlangoni, wakitaka kujua alikula nini, aliomba nini, alifikiri nini. Wapinzani wa mjukuu wake kule Marekani walikuwa wakieneza kwamba ni Mwislamu wa siri. Mama Sarah, Mwislamu asiyeficha imani yake, aliwajibu kwamba dunia ya leo watoto huwa na dini tofauti na za wazazi wao. Ni jibu la mtu aliyeishi maisha yake yote kama Mwislamu katikati ya majirani Waanglikana, Wakatoliki na Wasabato, akazika nao na kula nao. Mwaka 2010, akiwa na miaka 88, alikwenda Makka kuhiji.

Novemba 2008, Kenya ilipotangaza siku ya mapumziko kusherehekea ushindi wa Obama, Kogelo ilikuwa imeshafurika. Baada ya hapo umeme ukavutwa hadi kwenye boma, polisi wakawekwa kulinda lango, na Januari 2009 mwanamke aliyekuwa akiuza mazao sokoni akapanda ndege kwenda Washington kushuhudia mjukuu akiapishwa. Wageni hawakukoma kuja, kutoka kila bara. Mtu mwingine angechoka au angelewa sifa. Yeye aliwapokea, kisha akaugeuza wingi wao kuwa karo. Wakfu uliobeba jina lake ulichangisha fedha za kuwalipia yatima ada, sare, vitabu, chakula na matibabu ya kawaida, huku wasichana wakipewa uzito wa pekee. Ikiwa watu wamesafiri maelfu ya kilomita kuiona nyumba yake, basi waondoke wamemsomesha mtu. Naona busara kubwa katika hilo, busara ya mwanamke wa sokoni anayejua kwamba siku ya mnada watu wakijaa, ndiyo siku ya kutandaza bidhaa.

Tuzo ya mwanzilishi katika elimu aliipokea Novemba 2014 katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, siku ya kwanza ya maadhimisho ya wanawake wajasiriamali. Alizungumza kwa Dholuo, akitafsiriwa. Alisema anaipenda elimu kwa sababu inawafundisha watoto kujitegemea, hasa wasichana, ambao mara nyingi walinyimwa nafasi. Katika jiji la New York, lenye watu wa shahada juu ya shahada, aliyesimama kuitetea shule alikuwa mtu aliyenyimwa shule.

Mjukuu alipokuja Kenya akiwa rais, Julai 2015, ulinzi haukumruhusu kufika Kogelo, hivyo nyanya alisafiri hadi Nairobi kula naye chakula cha jioni. Mjukuu alifika kijijini tena Julai 2018, baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani, kwa ufunguzi wa kituo cha vijana cha Sauti Kuu kilichoanzishwa na dada yake Auma. Siku hiyo aliwasimulia watu safari yake ya kwanza ya mwaka 1988: garimoshi la polepole kutoka Nairobi hadi Kisumu, kisha basi, kisha matatu yenye kuku mapajani mwa abiria, halafu kutembea kwa miguu hadi kwa Mama Sarah, aliyemkumbatia.

Alifariki katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Nchi ilikuwa katika wimbi kali la korona. Siku tatu kabla, Rais Kenyatta alikuwa amefunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na kaunti nyingine nne. Waluo huzika kwa siku nyingi, kwa ngoma, ng'ombe, moto wa usiku na hotuba ndefu, na mwanamke wa miaka 99 angestahili hayo yote. Lakini alikuwa Mwislamu, na Jumanne, Machi 30, alizikwa Kogelo kwa taratibu za dini yake, karibu na mumewe. Mazishi yakaisha haraka kabla wengi waliomfahamu hawajapata njia ya kufika.

Liko jambo moja ambalo bado linanisumbua. Mengi tunayoyajua kuhusu ukoo huo yalitoka kinywani mwa Mama Sarah mwaka ule wa 1988, alipomkalisha mjukuu chini ya mwembe na kumsimulia, Auma akitafsiri. Mjukuu akayaweka kwenye kitabu chake *Dreams from My Father*, kilichotoka 1995, kwa Kiingereza. Maneno yake mwenyewe, ya Dholuo, yenye mizaha na mafumbo ya Alego, tunayasikia kwa mbali, yakiwa yamepita kwa watu wawili. Wako bado wazee wa rika lililofuata lake, kule Gem, Ugenya, Asembo na Sakwa, waliolea yatima wa miaka ile ya ukimwi bila mjukuu wa kuwaandika. Chuo kikuu kilicho karibu, redio za Kiluo, kaunti ya Siaya yenyewe, vyote vina uwezo wa kuwarekodi mwaka huu, kwa lugha yao.

Katika kitabu hicho kuna sehemu ambapo Mama Sarah anatoa karatasi alizozihifadhi kwa miaka mingi. Kimo kitabu cha usajili wa watumishi wa nyumbani alichopewa Onyango na serikali ya kikoloni, chenye maoni ya waajiri Wazungu juu ya upishi na tabia yake. Liko pia bunda la barua ambazo Barack mkubwa aliviandikia vyuo vikuu vya Marekani kuomba nafasi, kabla ya kuondoka kwenda Hawaii mwaka 1959. Mama Sarah hakuweza kusoma hata mstari mmoja wa karatasi hizo. Katika nyumba ambayo karatasi kavu ilikuwa ya kuwashia moto asubuhi, alizilinda dhidi ya mvua, mchwa na watoto kwa takriban miaka thelathini, hadi mwenye kuzisoma alipofika. Zilihusu mumewe na mwana aliyemlea. Iliyomhusu yeye haikuwamo.